Buyenzi, mtaa ulioshukiwa tangu kuzaliwa

Mwaka 2023 Seneti ya Burundi ilianza kazi iliyopewa na Katiba ya 2018: kupima kama mgawo wa Wahutu na Watutsi katika serikali, bunge na mahakama uendelee au ufutwe. Tangu hapo gumzo la Bujumbura limekuwa lile lile, Wahutu wangapi na Watutsi wangapi. Buyenzi haimo katika hesabu hiyo. Mtaa huu wa misikiti, gereji na mishikaki, wenye soko la Ruvumera na mto Ntahangwa pembeni, umejaa watu ambao ukiwauliza kabila wanakujibu kwa lugha na dini: sisi Waswahili. Seneti haina pa kuwaandika. Polisi, kwa upande wao, hawajawahi kupata taabu ya kuwatambua.

Ukizungumzia leo polisi wa Bujumbura kumshuku mtu kwa sababu ya kabila au mtaa wake, kila mmoja anakimbilia mwaka 2015. Wakubwa kidogo wanataja 1972. Lakini mazoea hayo ni ya zamani kuliko uhuru, na darasa lake la kwanza lilikuwa Buyenzi. Waliosomeshwa darasa hilo kwa uchungu zaidi walikuwa wanawake, na kisa chao tungekisahau kabisa lau si watafiti wawili wa kigeni: Nancy Rose Hunt, Mmarekani aliyechapisha makala yake katika Journal of African History mwaka 1991, na Geert Castryck, aliyeandika tasnifu ya historia ya Waislamu wa Usumbura katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, mwaka 2006. Ni aibu kidogo kwetu, lakini ndivyo ilivyo.

Mji wenyewe ulianza kama boma la Wajerumani mwaka 1897, ukiitwa Usumbura. Askari, wapagazi, wakalimani na wachuuzi walioufuata walitoka Ujiji, Tabora, Manyema na pwani, na lugha yao ikawa lugha ya ofisi. Mjerumani hakuwaona tatizo, aliwahitaji. Mambo yalibadilika Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916 wakaja na mapadri nyuma yao. Shule zikawekwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu ilibidi achague kati ya darasa na dini ya babake. Mswahili, aliyekuwa mkono wa kulia wa Mjerumani, akawa mtu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni: si wa mfalme (mwami), si wa padri, ana ndugu ng'ambo ya ziwa na anasikia habari za Tanganyika kabla ya bwana mkubwa.

Mbelgiji alipoupanga mji alimpangia kila mtu mahali pake kwa rangi. Wazungu walipanda Rohero na Kiriri kwenye upepo. Wahindi na Waarabu walipewa mtaa ambao mpaka leo unaitwa rasmi Quartier Asiatique. Waafrika wakawekwa Bwiza, uliojulikana kama Camp Belge, na Buyenzi, uliokuwa wa Waswahili. Viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na barabara zikapewa namba badala ya majina. Kifaransa cha ofisini kiliita maeneo hayo centre extra-coutumier, yaani nje ya mila: aliyekaa humo hakuwa chini ya chifu wa jadi, alikuwa chini ya ofisi moja kwa moja, na ofisi ilikuwa na askari. Kuhama kwenu kuja mjini kulihitaji karatasi, na kubaki mjini kulihitaji karatasi nyingine.

Hapo ndipo ilipoingia kodi ya wanawake.

Katika miji ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, mwanamume Mwafrika alilipa kodi ya kichwa, na mkewe alikuwa chini ya jina lake. Mwenye wake wengi alitozwa nyongeza kwa kila mke wa ziada. Lakini mwanamke aliyeishi mjini bila mume anayetambuliwa na ofisi, awe mjane, mtalaka au binti aliyevuka umri, alitozwa mwenyewe. Hunt anatuonyesha jina ambalo ofisi iliwapa wanawake hao: femmes vivant théoriquement seules, wanawake wanaoishi peke yao kinadharia. Sijui kama kuna tusi lililowahi kuandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko hilo. Karani alikuwa anasema, kwa adabu zote, kwamba serikali inajua hawalali peke yao, haiwezi kuthibitisha, na kwa hiyo itawatoza. Kwa jina, kodi ilikuwa ya kulinda maadili ya mji. Pesa ziliingia kwenye mfuko, na maadili yakabaki yalivyokuwa.

Kisha ikaja amri ya mwaka 1950 ya kupiga marufuku ukewenza. Tangu mwanzo wa 1951 ndoa mpya ya mke wa pili haikuwa ndoa machoni mwa serikali, na wake wa ziada hawakuruhusiwa kuingia kuishi mjini. Fikiria maana yake Buyenzi. Mwanamke ameozwa na shehe, mahari imetolewa, mashahidi wamekaa, biryani imeliwa. Anaingia nyumbani kwake akiwa bi mdogo wa halali kwa Mungu na kwa majirani. Karani akifungua daftari hamuoni mke. Anaona mwanamke huru, femme libre, na kila mtu mjini alijua Kifaransa cha ofisini kilimaanisha nini kwa neno hilo: malaya. Mkewe Fulani amegeuzwa kahaba kwa kalamu, na juu yake analipishwa kodi ya ukahaba huo. Maofisa nao walikuwa na malalamiko yao. Kwao, hawa "wanawake huru" walikuwa wake wa pili waliofichwa, ukewenza uliovaa baibui. Kila upande ulimwona mwenzake anadanganya.

Katikati ya miaka ya 1950 wanawake wa Buyenzi wakagoma kulipa.

Tusiwaze hapa maandamano ya mabango. Ulikuwa mgomo wa watu wazima wenye heshima zao, wengi wao wajane na wanawake walioachika, ambao hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibiwa: mimi nimezika mume, nimelea watoto, nasali swala tano, kwa nini nilipe kodi ya malaya? Pesa yenyewe iliumiza, lakini haikuwa kiini cha ugomvi. Mwanamke anaweza kukopa akalipa. Hawezi kukopa jina. Asiyelipa kodi chini ya Wabelgiji alikabiliwa na kifungo, na bado walikataa. Wanaume wa mtaa walijikuta pabaya, kwa kuwa kila mwanamke aliyeitwa huru alikuwa na baba, kaka au mtoto wa kiume, na wakati mwingine mume, na wote hao walikuwa wametukanwa pamoja naye. Suala la ushuru likawa suala la Uislamu wa mji mzima. Wakubwa waliliona kuwa kelele, na Hunt aliliweka neno hilo hilo kwenye anwani ya makala yake.

Kitu kimoja ambacho naona hakisemwi vya kutosha ni jinsi kodi kama hii inavyokusanywa. Ya kichwa ni rahisi, mwanamume ni mwanamume. Ili kujua mwanamke anaishi peke yake "kinadharia" au kwa kweli, lazima mtu aje nyumbani. Aulize jirani nani anaingia jioni na nani anatoka alfajiri. Ahesabu vitanda na viatu vya mlangoni. Mtaa wa Rohero haukuulizwa maswali hayo, na Mungu anajua majibu yangekuwaje. Serikali ilijifunza Buyenzi kwamba mtaa mzima unaweza kuwekwa chini ya shaka, na kwamba shaka hiyo inakaguliwa chumbani.

Buyenzi ilikuwa na bahati moja ambayo Léopoldville ya Kongo haikuwa nayo. Ruanda-Urundi haikuwa koloni kamili. Tangu 1946 ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na ujumbe wa wakaguzi ulipita mwaka 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960. Mwananchi aliruhusiwa kuandika malalamiko yakafika New York. Mtawala aliyejua kwamba ugomvi wake na wajane unaweza kusomwa na wajumbe wa India na Urusi alilala vibaya kidogo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwanamfalme Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957 na kupata wafuasi wengi miongoni mwa Waswahili wa mji. Chama chake cha UPRONA kikazaliwa mwaka uliofuata, kikashinda viti 58 kati ya 64 tarehe 18 Septemba 1961. Rwagasore akauawa tarehe 13 Oktoba. Uhuru ukaja Julai 1962. Vitabu vya shule huanzia hapo. Ukweli ni kwamba mwanamfalme alipofika Buyenzi alikuta watu waliokwisha kuzoea kumkatalia Mbelgiji, na waliofungua mlango huo hawakuwa na ndevu.

Uhuru haukuwafuta Waswahili kwenye orodha ya washukiwa. Ulibadilisha kosa tu. Waliokuwa wakishukiwa kwa dini na ndoa zao sasa walishukiwa ugeni: huyu si Mrundi, ni Mkongomani, babake katoka Kigoma. Kwa Kirundi, umuswahili kinywani mwa wengi ni mtu mjanja asiyeaminika. Mwaka 1972 shaka kubwa iliwaangukia Wahutu waliosoma, wakatolewa shuleni, maofisini na majumbani wasirudi, na makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, ramani ya Mbelgiji ilipata matumizi mapya. Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu, Nyakabiga, Musaga na Ngagara za Watutsi. Bwiza na Buyenzi zilibaki mitaa ya mwisho ambayo watu walikuwa bado wamechanganyika. Mwishoni mwa Machi 1995 wanamgambo wa Kitutsi waliivamia, jeshi likishutumiwa kuwaachia njia, na maelfu ya watu wakakimbilia Uvira na godoro kichwani.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulikuja na dawa yake: katika jeshi na polisi kabila lolote lisizidi nusu. Ilikuwa dawa ya maana, na anayeidharau hakumbuki jeshi la kabla yake. Lakini iliamua nani avae sare. Haikuamua nani asimamishwe na aliyevaa sare.

Karangamuntu ya Burundi haiandiki kabila. Ina jina la baba, la mama, mkoa, komini. Askari anayetaka kujua zaidi anasoma hapo, au anaangalia tu amekukuta mtaa gani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2015, baada ya maandamano ya Aprili dhidi ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Kijana wa Musaga, Nyakabiga, Cibitoke au Mutakura alikuwa mwasi mpaka athibitishe vinginevyo. Baada ya kambi za jeshi kushambuliwa usiku wa kuamkia tarehe 11 Disemba, msako uliingia nyumba kwa nyumba. Serikali ilitaja vifo 87. Tarehe 15 Januari 2016 Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, Zeid Ra'ad Al Hussein, alisema idadi ilikuwa kubwa zaidi, na kwamba mashahidi walieleza jinsi Watutsi walivyotengwa na kuuawa katika baadhi ya mitaa. Serikali ilikana.

Msako wenyewe, kwa aliyeishi Bujumbura, hauhitaji maelezo. Alfajiri unakuta mtaa umezingirwa, hakuna kutoka. Askari wanaingia na kiongozi wa mtaa au nyumbakumi, wakati mwingine na Imbonerakure, vijana wa chama tawala, na kitu cha kwanza kinachoombwa kabla hata ya karangamuntu ni daftari la kaya, lile ambalo kila nyumba inatakiwa kuandika wakazi wake wote na mgeni aliyelala. Shemeji aliyefika jana kutoka Rumonge na bado hajaandikwa anapanda gari. Nani analala hapa, ni nani wako, amekuja lini? Bibi wa Buyenzi aliyeishi enzi za Usumbura angeyatambua maswali hayo mara moja.

Wapo watakaosema ukaguzi ni usalama na kila nchi inakagua. Sawa. Basi daftari liombwe Kiriri kwa juhudi ile ile.

Rwagasore ana kaburi lake la heshima Vugizo, juu ya mji, na anastahili. Barabara za Buyenzi bado zina namba. Hakuna hata moja iliyopewa jina la mwanamke mmojawapo wa waliogoma, na sababu mojawapo ni kwamba majina yao hatukuyakusanya, tulimwachia Hunt. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa mgomo ana kama miaka 90 sasa. Chuo Kikuu cha Burundi, chenye idara ya historia, kipo Mutanga, mwendo mfupi wa teksi kutoka Buyenzi.