Mkonge wa Makanya na masharti ya IMF

Isipokuwa mapatano mafupi ya mwaka 1980, Tanzania ilikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kwa karibu miaka saba, kuanzia mwishoni mwa 1979 hadi Agosti 1986. Huo haukuwa ubishi wa chama cha upinzani. Aliyekataa alikuwa Rais mwenyewe, Mwalimu Julius Nyerere, akiungwa mkono na wajamaa ndani ya Chama Cha Mapinduzi na wasomi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sababu zake zinaeleweka vizuri zaidi ukianzia chini, mahali kama Makanya, wilayani Same, ambako mkonge ndio uliokuwa njia ya kuingia katika soko la dunia.

Makanya ni kituo cha reli ya Tanga hadi Moshi, chini ya milima ya Upare Kusini, upande unaokosa mvua. Mahindi hapo hutegemea maji yanayoshuka mlimani na kukusanywa katika ndiva, mabwawa ya asili ya Wapare. Mkonge hauhitaji hayo yote. Majani hukatwa kwa kisu, moja moja, yakafungwa mafungu na kupelekwa kwenye korona, mashine inayoponda na kukwangua nyama yote mpaka zikabaki singa. Singa huanikwa juani, husuguliwa kwa brashi, kisha hushindiliwa kuwa marobota. Robota likishapanda behewa kuelekea Tanga, bei yake hupangwa na watu ambao mkataji hatawaona maishani mwake.

Hapo ndipo hoja ya Mwalimu ilipoanzia. Alipenda kutoa mfano wa trekta: mwaka 1965 lilipatikana kwa kuuza mkonge wa tani 17 na ushei, lakini mwaka 1972 trekta la aina ileile lilihitaji tani 42. Jasho la mkataji halikupungua, ila kamba za nyuzi za plastiki zilikuwa zimelibana soko, na bei za mitambo ya Ulaya ziliendelea kupanda. Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge mwaka 1967, lakini bei ya dunia haitaifishwi.

Kisha mapigo yakafuatana. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, ukame ukaja 1973 na 1974, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na mpaka wa Kenya, ulio jirani kabisa na Same, ukafungwa hadi Novemba 1983. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita hiyo ikala fedha za kigeni za nchi nzima. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena. Hazina ikawa tupu.

IMF ilikuwa tayari kukopesha, kwa masharti: shilingi ishushwe thamani, mishahara isipande, udhibiti wa bei ulegezwe, ruzuku na matumizi ya serikali yapunguzwe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, mwana wa Kilimanjaro na gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona hakuna njia nyingine. Mwalimu aliona vingine, na Mtei akajiuzulu. Katika salamu za Mwaka Mpya wa 1980 kwa mabalozi, Mwalimu alihoji tangu lini shirika hilo limegeuka kuwa wizara ya fedha ya mataifa yote. Alisema Tanzania haitabadili siasa yake kwa sababu ya deni. Kwake, shule na zahanati za vijijini hazikuwa anasa ya kukatwa. Ndizo zilizokuwa maana ya uhuru.

Katikati ya 1980, mkutano wa wanauchumi na wanasiasa uliofanyika Arusha ulidai mfumo mpya wa fedha duniani, usiowapa matajiri peke yao kauli. Jamaica ya Waziri Mkuu Michael Manley ilikuwa imevunja mazungumzo na IMF mwaka huohuo. Tanzania ilijaribu mapatano na IMF Septemba 1980, lakini hayakudumu hata mwaka. Ikabuni mipango yake yenyewe: wa kunusuru uchumi mwaka 1981, na wa kurekebisha uchumi mwaka 1982. Wachumi kama Kighoma Malima walishikilia kwamba kushusha shilingi kungempandishia bei mnyonge bila kuongeza mauzo ya nje.

Msimamo huo ulikuwa na gharama, na walioilipa zaidi walikuwa wale waliokusudiwa kulindwa. Sabuni, sukari, chumvi na khanga viliadimika. Watu waliamkia foleni kwenye duka la ushirika alfajiri, wengine wakiweka jiwe lishike nafasi yao huku wakienda shambani. Unga wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada, uliingia jikoni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi. Mkonge nao uliumia, na hapa wapinzani wa IMF hawakuitazama hoja vya kutosha. Shilingi iliyoshikiliwa juu ilimaanisha kwamba kila robota lililouzwa nje lilirudisha shilingi chache, huku vipuri vya korona vikikosekana kabisa. Mavuno ya nchi, yaliyokuwa zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964, yalishuka hadi tani 30,000 hivi katikati ya miaka ya 1980.

Aliyesoma bajeti ya kugeuza njia, Juni 1984, alikuwa Mpare: Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya wa Usangi. Shilingi ilishushwa kutoka 12 hivi hadi 17 kwa dola, ruzuku ya sembe ikaondolewa, na wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Rafu za maduka zilianza kujaa, kwa bei ambazo mwenye mshahara hakuzifikia. Novemba 1985 Mwalimu aling'atuka. Agosti 1986 serikali ya Ali Hassan Mwinyi ikatia saini na IMF, na shilingi ilikuwa imekwishafika 40 kwa dola.

Nchini Zambia, mwezi Desemba mwaka huohuo, kupandishwa kwa bei ya unga kulileta ghasia na vifo katika miji ya machimbo ya shaba. Tanzania haikuona hayo. Chama cha wafanyakazi, JUWATA, kilikuwa jumuiya ya CCM, kwa hiyo ubishi ulibaki vikaoni na Mlimani. Si kwamba watu walikosa ujasiri: Wapare hawahawa, katika miaka ya 1940, waligomea kodi ya mbiru wakashuka kwa maelfu hadi boma la Same, mpaka wakoloni wakaiacha. Mwalimu, aliyebaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, aliendelea kuisema IMF akiongoza Tume ya Kusini, ya nchi zinazoendelea.

Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, CCM ilililegeza Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la mwaka 1967. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mashamba ya Mamlaka ya Mkonge yaliuzwa mwaka 1998, na ada ya shule ya msingi, iliyorejeshwa katika miaka hiyo ya kubana matumizi, ilifutwa mwaka 2001, mwaka uleule Tanzania ilipokamilisha masharti ya kusamehewa sehemu ya madeni yake.