Waonjaji wa Britannia: Waliojitolea Kujaribu Ultima Online, 1997

Kabla mchezo wa mtandaoni haujaanza kuuzwa, kampuni huwaalika watu wa nje waucheze ukiwa bado mbichi. Hatua hiyo huitwa majaribio ya beta, kwa jina la herufi ya pili ya Kigiriki. Ya kwanza, alfa, kwa kawaida hubaki mikononi mwa wafanyakazi wenyewe. Watu hao wa nje hawalipwi. Kazi yao ni kucheza, kuangalia kinachoharibika na kutoa taarifa. Chamani tumezoea kuwaita waonjaji, maana wanafanya kile anachofanya mtu anayeonja mchuzi kabla haujapakuliwa. Katika makala haya tunaeleza habari za waonjaji wa Ultima Online, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo mpaka leo halijapoa: aliyejitolea hivi ni mchezaji, au ni mfanyakazi asiye na mshahara?

Desturi yenyewe ina mizizi hapa Uingereza. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na Richard Bartle akaiendeleza. Ulikuwa mchezo wa maneno matupu, bila picha hata moja. Watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia kwa njia ya simu usiku wa manane, saa ambazo kompyuta ya chuo ilikuwa haina shughuli nyingi. Mchezaji aliyefikia kilele cha alama alipewa cheo cha mchawi pamoja na madaraka ya kuwasimamia wenzake. Hakuna aliyeuliza habari ya ujira, kwani wakati huo hapakuwa na aliyekuwa akitajirika.

Ultima Online ni habari nyingine. Ulitengenezwa na Origin Systems ya Austin, Texas, kampuni ambayo Electronic Arts ilikuwa imeinunua mwaka 1992. Kiongozi wake, Richard Garriott, alizaliwa Cambridge lakini akakulia Marekani. Wenzake wa ujanani walimpachika jina la Lord British, naye akalichukua akawa mfalme wa Britannia, nchi ya kubuni ya michezo yake. Wakubwa wa kampuni mama hawakuwa na imani na mchezo huu mpya. Kwa maelezo ya Garriott, walikadiria kwamba ungeuza nakala 30,000 hivi. Origin wakatangaza kwenye intaneti kwamba wanatafuta waonjaji, na kwamba kila mmoja alipe dola 5 atumiwe diski, kwa kuwa modemu za wakati ule zisingeweza kuvuta programu kubwa kiasi hicho. Wakajiandikisha watu wapatao 50,000.

Hapo ndipo sisi tuliposimama tukasoma tena. Watu 50,000 walilipa ili wapewe nafasi ya kufanya kazi ya bure. Isitoshe, kujitokeza kwao tu kulikuwa tayari ni kazi, maana kuliwathibitishia wakubwa kwamba soko lipo.

Na kazi waliyoifanya haingeweza kufanywa na mtu mwingine. Wafanyakazi wachache wa ofisini hawawezi kuigiza vurugu ya maelfu ya watu wasiojuana. Mfano mzuri ni wanyama wa Britannia. Watengenezaji, akiwemo mbunifu mkuu Raph Koster, walikuwa wamepanga mazingira yanayojiendesha: majani yaote, sungura wale majani, mbwa mwitu wale sungura, na mchezaji akiwamaliza sungura, mbwa mwitu wenye njaa wasogee mjini. Karatasini mpango ulipendeza. Wachezaji walipoingia waliua kila kilichopumua, kwa kasi kuliko dunia ile ilivyoweza kuzalisha. Sungura hawakukua, mbwa mwitu hawakupata nafasi ya kuwinda, na mpango ule wa miaka ukaondolewa. Hakuna hesabu ya ofisini iliyokuwa imeliona hilo. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo taarifa kubwa kuliko zote waliyoitoa waonjaji wale, ingawa hakuna aliyeiandika kwenye fomu. Waliitoa kwa mapanga.

Kisa kinachokumbukwa zaidi, hata hivyo, ni cha Agosti 1997. Majaribio yalikuwa yanaelekea ukingoni, na Origin walitaka kuona kama seva zitahimili umati. Garriott mwenyewe, katika umbo la Lord British, akawa anazunguka Britannia kuwahutubia raia. Kwa kawaida mhusika wake hafi. Lakini seva ilikuwa imeanguka, na aliporudi ndani hakuwashiwa tena ile kinga. Mchezaji aliyejiita Rainz aliiba hati ya uchawi kutoka kwa mchezaji wa jirani, akaisoma, moto ukawaka miguuni mwa mfalme. Mfalme, akijiona salama, hakukimbia. Akafa. Walinzi wake wa kiofisi wakahamaki, wakamwaga mashetani katikati ya umati, na wasio na hatia wakafa kwa wingi.

Baadaye Rainz alifungiwa akaunti. Kampuni ilieleza kwamba kosa lake si kumuua mfalme, bali ni kutumia hitilafu za mchezo siku za nyuma bila kuziripoti. Chamani tuligawanyika juu ya hili. Wapo waliosema mwonjaji ana sharti moja tu, kuripoti, na asiporipoti basi ni mla mchuzi. Wengine walisema alifanya hasa kile alichoitiwa: alionyesha palipokuwa pabovu, mbele ya mashahidi wengi. Mwandishi wa mistari hii yuko na kundi la pili, ila wenzake wamemruhusu kusema hivyo mara moja tu.

Mchezo ulianza kuuzwa Septemba 1997, kwa ada ya dola 9.95 kwa mwezi, na wateja wake wakavuka 100,000. Kujitolea hakukuishia kwenye beta. Baadhi ya wachezaji waliendelea kama washauri, wakijibu maswali ya wageni ndani ya mchezo na kupata akaunti ya bure. Mwaka 2000 baadhi yao waliishtaki kampuni wakidai mishahara. Hoja yao ilitegemea sheria ya kazi ya Marekani, ambayo hairuhusu kampuni inayotafuta faida kutumia watu wa kujitolea mahali pa wafanyakazi. Mwaka mmoja kabla, waliokuwa wakisimamia vyumba vya mazungumzo vya America Online walikuwa wamefungua kesi ya namna hiyo hiyo. Ile ilichukua zaidi ya miaka kumi, ikaisha mwaka 2010 kwa maelewano ya dola milioni 15.

Neno letu la kujitolea lina uzito ambao mawakili wale hawakuwa nao. Wazazi wetu waliotoka Tanzania wanaujua msaragambo, wa Kenya wanaijua harambee. Mtu hubeba tofali bila ujira, lakini darasa likisimama, mtoto wake ataingia humo. Mwonjaji wa Britannia alibeba tofali, kisha jengo lilipokamilika akaambiwa alipe ada ya kila mwezi kama mgeni yeyote. Wengi walilipa kwa furaha, na hatuwezi kusema walidanganywa, maana tangu mwanzo masharti yalikuwa wazi.

Tangu hapo mambo yamegeuka zaidi. Minecraft uliuzwa miaka ya alfa na beta, na ulipoingia beta Desemba 2010 bei yake ilipanda badala ya kushuka. Ulipotangazwa kuwa umekamilika, Novemba 2011, watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wameshaununua. Kwa hiyo mwenzetu anayejiandikisha leo kuonja mchezo mpya huenda akaombwa kadi ya benki kabla ya jina lake, na chini ya fomu, kwa maandishi madogo, mara nyingi huandikwa kwamba wazo lolote atakalotoa ni mali ya kampuni.