Kuku Mgeni na Ngazi ya Kudonoana

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kuku aliyenunuliwa gulioni hafunguliwi siku hiyo hiyo. Hufungwa kamba mguuni, akalishwa na kunyweshwa hapo hapo mpaka azoee makazi, desturi ya zamani kiasi cha kuingia katika methali. Kamba humzuia asipotee, lakini haimkingi na midomo ya wenyeji. Na kwa mitemba, kuku majike wasioanza kutaga, hilo ndilo balaa kubwa.

Aliyeeleza kisayansi chanzo cha vita hivyo ni Thorleif Schjelderup-Ebbe, Mnorwei aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye aliwachunguza kuku tangu utotoni. Katika makala aliyoichapisha kwa Kijerumani mwaka 1922, alionyesha kwamba kundi la kuku si fujo. Kila kuku wawili wamekwisha kupimana ubavu: mmoja hudonoa, mwenzake hupisha, iwe kwenye chakula au mahali pa kulala. Ngazi hiyo haikunyooka daima. Kuku wa kwanza anaweza kumtawala wa pili, wa pili akamtawala wa tatu, na huyo wa tatu akamfukuza wa kwanza. Ugunduzi huo ulitokana na subira ya kumjua kila kuku kwa sura yake, na kwa hiyo unastahili heshima kuliko tafiti nyingi za vyombo ghali.

Mtemba anapoingia hana cheo. Lazima akabiliane na wenyeji mmoja mmoja, naye ana mwili mwepesi, undu mdogo na uwanja asioujua. Sura ina uzito wake: majaribio ya A. M. Guhl na L. L. Ortman, yaliyochapishwa mwaka 1953, yalionyesha kuwa kuku hutambuana zaidi kwa kichwa na shingo. Aliyebadilishwa sehemu hizo aliweza kushambuliwa na wenzake wa siku zote kana kwamba ni mgeni.

Mapema zaidi, mwaka 1944, Guhl na Warder Clyde Allee wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa matokeo yanayomgusa mfugaji moja kwa moja. Makundi yaliyobadilishwa kuku kila mara yalidonoana zaidi, yakala kidogo na kutaga mayai machache kuliko yale yaliyoachwa yatulie.

Matokeo hayo yanaeleza faida ya kuwatenga wageni kwa wavu kwanza. Wageni na wenyeji hukaa banda moja kwa siku kadhaa, wakionana bila kufikiana. Kisha mitemba huingizwa kadhaa kwa pamoja, wakiwa wamekaribia ukubwa wa wenyeji, ili mashambulizi yasimwangukie mmoja. Vyombo vya chakula na maji hutawanywa, kwani kuku wa juu akilinda kimoja, wa chini hupata kingine. Chakula cha kuku wa mayai husubiri, maana chokaa yake nyingi huumiza figo za mitemba wasiotaga. Damu ikitoka, aliyejeruhiwa hutengwa mara moja: wekundu wa jeraha huwavuta wengine wadonoe papo hapo.