Mafuta Haba ya Mwili kwa Wanariadha

Mafuta haba ya mwili, katika sayansi ya michezo, ni hali ya mwanariadha kubakiwa na akiba ndogo ya mafuta, karibu na kiwango ambacho mwili hauwezi kushuka chini yake bila kudhurika. Kwa wanaume kiwango hicho hutajwa kuwa kati ya asilimia 3 na 6 ya uzito. Kwa wanawake, karibu asilimia 12. Hali hii huonekana zaidi kwa wakimbiaji wa masafa marefu, waendesha baiskeli wa milimani, wanajimnastiki, wapanda farasi wa mbio, wachezaji wa michezo yenye madaraja ya uzito kama mieleka na ndondi, na kuliko wote, watunisha misuli siku ya kupanda jukwaani. Namba zenyewe zisomwe kwa tahadhari. Hakuna kifaa kinachopima mafuta ya mtu aliye hai moja kwa moja. Vyote hupima kitu kingine, kisha fomula hukisia mafuta, na makisio hayo huzidi kulegea kadiri mafuta yanavyopungua.

Mafuta ya lazima

Mafuta si akiba tu. Yamo katika ubongo, neva, uboho wa mifupa na utando wa kila seli, na huzunguka viungo vya ndani kama moyo na figo. Albert Behnke, daktari wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, aliyaita haya mafuta ya lazima, akayatenga na yale ya akiba yaliyo chini ya ngozi na tumboni. Katika mfano wake wa mwanamume wa kigezo, mwenye kilo 70 na mafuta asilimia 15, asilimia 3 ni ya lazima. Mwanamke wa kigezo ana asilimia 27, na ya lazima ni 12, kwa kuwa mwili wake hubeba pia mafuta yanayohusiana na uzazi. Namba hizi mbili, 3 na 12, zimerudiwa mno katika vitabu vya makocha hata ikasahaulika kwamba zilitoka kwenye mfano wa kinadharia, si kwa watu walioteremka hadi hapo wakapimwa.

Walioteremka kweli wanajulikana, nao si wengi. Mwaka 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwalisha nusu shibe vijana 36 waliojitolea, kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na mafuta yao yakashuka hadi karibu asilimia 5. Nusu karne baadaye, Karl Friedl na wenzake waliwafuatilia askari 55 waliomaliza wiki 8 za kozi ya Ranger ya jeshi la Marekani, kozi ya njaa, usingizi wa mang'amung'amu na mizigo mizito. Kwa wastani walianza na asilimia 14.3 wakamaliza na 5.8, wembamba kuliko wote waligota kwenye asilimia 4 hivi. Hapo mafuta yaligoma kushuka, uzito ukaendelea kupungua kwa gharama ya misuli, na testosteroni ikaanguka hadi kiwango cha mwanamume aliyehasiwa. Katika taarifa yao ya 1994 waliandika kwamba mpaka wa chini wa mwanamume mwenye afya ni kati ya asilimia 4 na 6.

Kisa cha tatu ni cha mtu mmoja, mtunisha misuli asiyetumia dawa, aliyefuatiliwa kwa miezi 12 na taarifa yake kuchapishwa 2013. Katika miezi sita ya maandalizi alitoka asilimia 14.8 hadi 4.5. Mapigo ya moyo wake akiwa amepumzika yalishuka kutoka 53 hadi 27 kwa dakika, na testosteroni ikabaki robo ya ile ya mwanzo. Vipimo vingi vilirudi karibu na kawaida miezi sita baada ya mashindano, lakini nguvu za misuli hazikurudi zote. Kwa hiyo gazeti likiandika kwamba bingwa fulani ana asilimia 2 na anafanya mazoezi mara tatu kwa siku, kinachosomwa hapo ni kosa la kipimo.

Fomula zilikotoka

Elimu ya kupima mafuta ya mwili ilianza kwa kuwatetea watu wazito. Mwaka 1942 Behnke na wenzake waliwapima wachezaji 25 wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani. Kwa jedwali la urefu na uzito lililotumika wakati huo, 17 kati yao wangekataliwa jeshini kwa unene. Walipopimwa uzito ndani ya maji, wengi walionekana kuwa na mafuta kidogo tu: uzito wao ulikuwa misuli. Kanuni ni ile ya Archimedes. Mwili uliozama hupungua uzito sawa na uzito wa maji uliyoyasukuma, hivyo ujazo wake hujulikana, na uzito ukigawanywa kwa ujazo hupatikana densiti. Mafuta huelea, misuli na mifupa huzama, basi mwenye densiti kubwa ana mafuta machache.

William Siri, mwanafizikia wa Berkeley ambaye pia alikuwa mpanda milima mashuhuri, aliigeuza kanuni hiyo kuwa fomula inayotumika hadi leo: gawanya 495 kwa densiti, kisha toa 450. Nyuma ya fomula hiyo kuna dhana mbili, kwamba mafuta yana densiti ya 0.900, na kila kisicho mafuta, yaani misuli, mifupa, maji na vingine vyote, kina densiti ya 1.100 kwa kila mtu. Dhana ya kwanza ni imara. Ya pili ilitokana na uchunguzi wa maiti chache mno, tena zisizo za wanariadha. Kati ya 1979 na 1983, watafiti waliokutana Brussels walipasua maiti 25 na kupima kila tishu kwenye mizani. Walipoondoa mafuta, mifupa peke yake ilitofautiana kutoka asilimia 16 ya kilichobaki hadi karibu 26. Vitu viwili vyenye mchanganyiko tofauti namna hiyo haviwezi kuwa na densiti moja.

Mwanariadha ndiye anayeivunja dhana hiyo kuliko mtu mwingine. Mifupa yake imekomazwa na mazoezi, misuli ni mingi, na maji hupanda na kushuka kila siku. Densiti ya mwili wote ikifika 1.100, fomula ya Siri hutoa sifuri. Ikizidi hapo hutoa mafuta hasi. Mafuta hasi hayapo duniani, ila yamewahi kusomeka maabara.

Suala hili linawagusa moja kwa moja wanariadha wenye asili ya Afrika. Mwaka 1984, Schutte na wenzake nchini Marekani walipendekeza kwamba densiti ya sehemu isiyo mafuta kwa wanaume weusi ni 1.113, wakatoa fomula yao: gawanya 437.4 kwa densiti, toa 392.8. Mchukue mkimbiaji mwenye densiti ya 1.090. Kwa Siri ana mafuta asilimia 4.1, kwa Schutte ana 8.5. Mtu ni yule yule, maji ni yale yale, saa ni ile ile, ila mafuta yameongezeka maradufu kwa kubadilisha fomula. Tafiti za baadaye zilipata tofauti ndogo zaidi kati ya makundi haya, nyingine hazikuiona kabisa, kwa hiyo si haki kusema Schutte alipatia na Siri alikosea. Lakini msomaji anayekuta asilimia ya mkimbiaji wa Iten au Arusha bila kutajiwa fomula hana cha kuifanyia.

Vifaa na makosa yake

Kupimwa ndani ya maji kulihesabiwa kwa miongo mingi kuwa ndio kigezo. Aliyewahi kuketi kwenye kiti kile, akatoa pumzi yote na kuzama bila kutikisika, anajua si kazi ya mzaha. Tatizo kubwa ni hewa inayobaki mapafuni hata baada ya kupumua hadi mwisho, lita moja au zaidi. Kosa la mililita 100 tu katika hewa hiyo hubadilisha jibu kwa asilimia 0.7 hivi ya mafuta. Maabara inayokisia hewa hiyo kwa umri na urefu, badala ya kuipima, hukosea mililita mia kadhaa bila shida. Chumba cha hewa kilichoingia sokoni miaka ya 1990 humwondolea mpimwaji adha ya kuzama, lakini kinaishia kwenye densiti ile ile na fomula ile ile.

Mashine ya eksirei mbili, ambayo wataalamu huiita deksa, ndiyo inayoaminiwa zaidi leo, na kwa mifupa inastahili. Kwa mafuta, mambo ni mengine. Miale miwili inaweza kutenganisha vitu viwili tu kwa wakati mmoja. Palipo na mfupa, mashine hutenganisha mfupa na nyama, halafu mafuta ya mahali hapo huyakisia kwa kuangalia jirani pasipo na mfupa. Kifuani, ambako mbavu zimejaa, makisio ni mengi. Tena mashine huchukulia kwamba nyama isiyo na mafuta ina maji karibu asilimia 73. Mwanariadha aliyekunywa chupa mbili za maji, au aliyejaza glaikojeni, yaani akiba ya wanga mwilini, kwa ugali na wali siku moja kabla, huonekana ameongeza nyama, kwa kuwa kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Mashine za watengenezaji tofauti hutoa majibu tofauti kwa mtu mmoja, na hata mashine moja ikibadilishiwa programu yake.

Mizani za umeme za gym na za nyumbani hazihitaji maelezo marefu. Hupitisha mkondo hafifu wa umeme na kupima upinzani wa mwili. Kinachopitisha umeme ni maji, basi aliyetoka jasho na aliyekunywa hupata majibu mawili. Ya kukanyaga husoma zaidi nusu ya chini ya mwili, ya kushika mikononi nusu ya juu.

Inabaki mbinu ya bei rahisi kuliko zote, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo yenye heshima zaidi: kupima mikunjo ya ngozi kwa kibano chenye springi kiitwacho kalipa. ISAK, shirika la kimataifa la vipimo vya mwili lililoanzishwa 1986, huelekeza mahali pa kushika hadi kwenye milimita, na kwa kawaida hupimwa sehemu nane, zikiwemo nyuma ya mkono wa juu, chini ya bega, tumboni, pajani na shavu la mguu. Mpimaji aliyefunzwa akirudia kazi yake hupata karibu jibu lile lile. Uharibifu huanza pale milimita zinapogeuzwa kuwa asilimia. Fomula za Jackson na Pollock za 1978, zinazotumika mno, zina kosa la kawaida la asilimia 3.5 hivi. Kwa mtu mwenye asilimia 25, kosa hilo linavumilika. Kwa mkimbiaji wa kilo 60 mwenye asilimia 6, mafuta yote ni kilo 3.6, na kosa peke yake ni kilo 2.1. Ndiyo maana wataalamu wengi wa michezo huacha milimita zibaki milimita: jumla ya mikunjo nane mwezi Januari hulinganishwa na jumla ya mwezi Machi, na hakuna anayeulizwa asilimia.

Kipimo kinachokaribia ukweli zaidi huunganisha densiti, maji ya mwili yaliyopimwa kwa hidrojeni nzito iitwayo deuteriumu, na madini ya mifupa kutoka deksa. Ni ghali na huchukua muda, hivyo hubaki kwenye tafiti. Kikundi cha wataalamu kilichofanya kazi chini ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kilisema wazi mwaka 2012 kwamba hakuna mbinu moja inayofaa kuwa kigezo kwa wote.

Asilimia ilipogeuka sheria

Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani, katika majimbo ya North Carolina, Wisconsin na Michigan, walikufa ndani ya siku 33. Wote walikuwa wakijikausha maji kwa mazoezi makali katika mavazi yasiyopitisha hewa ili waingie daraja la uzito. Waliuawa na joto na upungufu wa maji, si na uhaba wa mafuta, lakini dawa iliyopatikana ilipitia kwenye mafuta. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliweka kanuni kwamba uzito wa chini wa mwanamieleka hukokotolewa kwa kumwachia mafuta asilimia 5, baada ya mkojo kuthibitisha kwamba hajajikausha. Kwa shule za sekondari ikawa asilimia 7 kwa wavulana na 12 kwa wasichana.

Kanuni hiyo imeokoa watu. Bado inabeba kosa la kipimo ndani yake. Mwanamieleka wa kilo 70 akisomeka asilimia 10, anaruhusiwa kushuka hadi kilo 66.3. Akisomeka asilimia 7, anaishia 68.5. Kilo mbili hizo zinaweza kuwa daraja zima la uzito, na zinategemea vidole vya aliyeshika kalipa.

Madhara, na swali la wanawake

Mwaka 1974 Rose Frisch na Janet McArthur walidai kwamba msichana anahitaji karibu asilimia 17 ya mafuta ili avunje ungo, na 22 ili hedhi iendelee. Dai hilo liliwatisha na kuwaongoza makocha kwa miaka mingi. Lakini mafuta hayo hayakupimwa. Yalikokotolewa kutoka urefu na uzito. Kazi ya Anne Loucks na wenzake ilionyesha baadaye kwamba kinachovuruga homoni si mafuta yaliyobaki, ni nishati inayobaki kwa mwili baada ya mazoezi kuchukua fungu lake. Chini ya kilokalori 30 hivi kwa siku kwa kila kilo ya mwili usio mafuta, mpangilio wa homoni za uzazi huanza kuvurugika ndani ya siku chache, kabla hata mwili haujakonda.

Upungufu huo wa nishati hauonekani kwa macho. Utafiti wa 2006 kwa wakimbiaji bora wa Kenya, uliotumia maji yenye atomu zilizowekwa alama, uliwakuta wakila nishati pungufu kuliko wanayotumia katika siku za kabla ya mashindano, licha ya ugali mwingi na chai yenye sukari. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa upungufu wa nishati katika michezo jina lake rasmi mwaka 2014, ikiwahusisha wanaume pia: mifupa dhaifu na nyufa za uchovu, hedhi kukatika, testosteroni kushuka, maradhi ya mara kwa mara, na mwendo unaopungua badala ya kuongezeka.

Katika tamko lake la 2023, kamati hiyo inataka mwanariadha apimwe kwa ridhaa yake, majibu yashikwe kama siri ya kitabibu, na walio chini ya miaka 18 wasipimwe mafuta kabisa isipokuwa daktari ana sababu ya kitabibu.