Mapenzi, Mali na Umoja: Usomaji Unaokinzana wa Wimbo "Malaika"

Utangulizi

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umejishughulisha kwa muda mrefu na tenzi, mashairi ya arudhi na, tangu miaka ya 1970, mashairi huru. Wimbo wa dansi umeachiwa wanahistoria wa muziki na waandishi wa magazeti, kana kwamba maneno yanayoandamana na gita hayana uzito wa kuhimili uchambuzi. Hata hivyo, ni tungo chache za Kiswahili zilizovuka mipaka ya Afrika Mashariki kama wimbo "Malaika", na ni chache zaidi zilizosomwa kwa namna zinazokinzana kiasi hiki. Kwa baadhi ya wasikilizaji, wimbo huu ni kilio cha kijana fukara aliyeshindwa kuoa. Kwa wengine, ni utenzi mfupi wa upendo unaowaunganisha Waafrika popote walipo. Wapo pia wanaouchukulia kuwa sauti tamu tu, isiyodai kufasiriwa.

Makala haya yanachunguza namna usomaji wa mapenzi na usomaji wa umoja ulivyojitokeza kihistoria, na yanaupima kila mmoja kwa ushahidi wa lugha ya wimbo wenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba usomaji wa umoja una haki yake katika mapokeo ya ushairi wa Kiswahili, ila hauwezi kusimama iwapo neno "mali", ambalo ndilo mhimili wa wimbo, litanyamazishwa.

Chimbuko na Mgogoro wa Utunzi

Wimbo huu ulienea kwa mara ya kwanza kupitia rekodi za Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliyeimba na Jambo Boys na baadaye Equator Sound Band jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hadi kufariki kwake mwaka 2001, Fadhili alishikilia kuwa yeye ndiye mtunzi. Upande wa Tanzania, utunzi umehusishwa na Adam Salim, ambaye inasimuliwa kuwa aliutunga katikati ya miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyempenda, naye msichana akaozwa mtu mwenye uwezo. Huko Mombasa limetajwa jina la Lucas Tututu.

Kazi ya mhakiki si kuamua kesi hii. La muhimu ni kuwa mgogoro wenyewe umeathiri usomaji. Anayeuweka wimbo katika miaka ya 1940 huelekea kuusoma kama tawasifu: kuna msichana fulani, wazazi fulani na tajiri fulani. Anayeuanzisha Nairobi, miaka michache kabla au baada ya uhuru, huelekea kuusoma kama sauti ya kizazi kizima. Aidha, kuna kinaya cha kihistoria katika jambo hili. Wimbo unaosifiwa kuwa ni wa umoja umekuwa mali inayogombewa na majirani wawili, na kiini cha ugomvi huo ni haki za utunzi, yaani hela. Kile kinachomtenga nafsineni na mpenzi wake ndicho kilichowatenga wanaodai kuwa watunzi.

Usomaji wa Kwanza: Kijana, Mshahara na Mahari

Kisa cha wimbo ni chepesi. Nafsineni anamtamkia mpenzi wake mapenzi, anauliza afanye nini, anakiri kuwa ukosefu wa mali ndio unaomzuia kumwoa, kisha analalamika kuwa fedha inamsumbua roho. Hakuna tukio linalofuata. Wimbo unaanzia katika kizuizi na kuishia papo hapo.

Usomaji uliozoeleka unakichukulia kisa hiki kuwa shutuma dhidi ya mahari. Kwa mujibu wa usomaji huo, desturi iliyokuwa kifungo cha udugu baina ya koo mbili imegeuzwa biashara, na kijana asiye na kitu amefungiwa mlango. Tatizo la usomaji huu ni kwamba wimbo hauilaumu desturi. Wazazi wa msichana hawatajwi, wala mshindani tajiri hatajwi. Neno mahari lenyewe halitumiki. Kinachotajwa ni mali na pesa, navyo vinatajwa kama vitu asivyokuwa navyo nafsineni, si kama vitu alivyodaiwa na mtu. Mshindani anayezungumziwa mara kwa mara katika maelezo ya wimbo ametolewa katika simulizi za utunzi na kupachikwa ndani ya matini.

Ukimya huo unapata maana zaidi unapowekwa katika historia ya kazi ya ujira. Katika miji ya Kenya ya kikoloni, kima cha chini cha mshahara wa Mwafrika kilikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke. Familia ilichukuliwa kuwa iko mashambani na inajilisha. Kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika nchini Kenya iliutambua upungufu huu katika ripoti yake ya mwaka 1954, ikapendekeza mshahara uanze kuzingatia mahitaji ya mtu mwenye familia. Kwa hiyo, kijana wa mjini aliyelalamika kuwa hana uwezo wa kuoa hakuwa akieleza uvivu wake wala ukatili wa wakwe. Useja wake ulikuwa umekwisha kupigiwa hesabu na mwajiri kabla hajampata mchumba. Ukisomwa hivi, wimbo unakuwa wa kijamii bila kutamka neno lolote la siasa. Nafsineni hamjui adui yake kwa jina, na pengine ndiyo sababu anaishia kujiuliza afanyeje.

Usomaji wa Pili: Malaika kama Afrika

Usomaji wa umoja haukuzaliwa Nairobi. Ulizaliwa wimbo ulipoingia katika kinywa cha Miriam Makeba. Makeba alinyimwa ruhusa ya kurejea Afrika Kusini mwaka 1960. Mwaka 1963 alitumbuiza Addis Ababa wakati wa kuundwa kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mwaka huohuo akatoa ushahidi dhidi ya ubaguzi wa rangi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1965 wimbo ulitokea katika sahani ya santuri aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte, iliyotunukiwa tuzo ya Grammy mwaka 1966. Katika santuri hiyo, "Malaika" ilipangwa pamoja na nyimbo za Afrika Kusini, ukiwemo mmoja unaomwonya Verwoerd, waziri mkuu wa serikali ya makaburu. Msikilizaji aliyetoka katika onyo hilo hakuweza kuupokea wimbo wa mapenzi kama wimbo wa mapenzi tu. Mwimbaji aliyetengwa na nchi yake alikuwa akimwimbia kipenzi asiyeweza kuungana naye.

Huenda ikadaiwa kuwa huu ni usomaji wa kupachika. Dai hilo linasahau mapokeo. Ushairi wa Kiswahili haujawahi kutenganisha kabisa chumba cha kulala na uwanja wa siasa. Muyaka bin Haji alitunga beti za mapenzi na beti za kuitetea Mombasa ya Wamazrui dhidi ya Seyyid Said, na hadhira yake ilizoea kusikiliza fumbo katika zote mbili. Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki (1973), aliwapa ndugu wawili mnazi wa kugombania, na wasomaji hawakuhitaji kuambiwa kuwa mnazi huo ni zaidi ya mti. Hadhira iliyolelewa na fumbo ina haki ya kuuliza iwapo malaika ni msichana peke yake.

Zaidi ya hayo, uimbaji wa Makeba unaleta mvutano wa kisarufi ambao tafsiri za kigeni haziwezi kuuonyesha. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mwanamke anapotamka kitenzi cha kuoa katika nafsi ya kwanza, ama anaigiza sauti ya mwanamume, ama kitenzi kimeachana na ndoa ya kawaida. Uwezekano wa pili ndio uliowafungulia wasikilizaji njia ya kwenda kwenye muungano mpana zaidi. Katika baadhi ya matoleo mpenzi anaitwa pia dada. Kwa Kiswahili cha kawaida hilo ni tamko la heshima kwa msichana. Kwa sikio la wanamajumui wa Afrika, ni neno la udugu.

Wimbo Unavyosema

Lugha ya wimbo inauruhusu utata huu kwa kiwango gani? Neno malaika halina jinsia. Humtaja kiumbe wa mbinguni, humtaja mtoto mchanga asiye na dhambi, na pia hutaja vinyweleo laini vya mwilini. Linaunganisha utukufu, usafi na mguso wa ngozi. Kidege, jina la pili la mpenzi, linatoka katika jazanda ya ndege ambayo washairi na waimbaji wa taarabu wameitumia kwa muda mrefu, na linaongeza wazo la kiumbe anayeweza kupaa na kumwacha mtazamaji chini.

Utata mkubwa zaidi umo katika umbo la kitenzi linaloandamana na kidege. Waimbaji wengine husema "nakuwaza", na maana inafungika. Wengine husema "hukuwaza". Umbo hili linaweza kuchanganuliwa kwa njia mbili. Kwanza, hu- ni kiambishi cha mazoea na -ku- ni kiambishi cha mtendwa: nafsineni humfikiria mpenzi wake siku zote. Pili, hu- ni ukanushi wa nafsi ya pili na -ku- ni ukanushi wa wakati uliopita: wewe hukufikiri. Mkazo huangukia silabi ileile katika hali zote mbili, hivyo sikio halina msaada wa kutoa. Katika usomaji wa kwanza kuna hamu. Katika wa pili kuna lawama. Waliousikia wimbo kama utenzi wa upendo mtupu wameichukua hamu na kuiacha lawama, ilhali sarufi inazibeba zote kwa pamoja.

Hata hivyo, kiambishi chenye uamuzi ni -nge-. Nafsineni hasemi kuwa ataoa, wala hasemi kuwa anatumaini kuoa. Anasema angeoa. Hali ya masharti inakubali kuwa sharti halijatimizwa. Kila mara kitenzi cha muungano kinapotamkwa, kinatamkwa pamoja na ukiri kwamba muungano haupo, na sababu imekwisha kutajwa nayo ni ukosefu wa mali. Msomaji anayeugeuza wimbo kuwa sherehe ya umoja uliokwisha kupatikana anasoma kitenzi ambacho wimbo hauna. Hicho ndicho kilichotokea kadiri ulivyozidi kusambaa. Katika toleo la Boney M. la mwaka 1981, na katika kumbi za hoteli za pwani ambako uliimbiwa watalii, utamu ulibaki na sharti likapotea.

Hitimisho

Aina hizi mbili za usomaji hazilazimiki kufukuzana. Mpenzi anaweza kuwa msichana na anaweza kuwa Afrika. Kisichowezekana ni kukubali sitiari ya umoja na kukataa kizuizi chake. Ikiwa malaika ni Afrika, basi mali nayo lazima ipewe maana katika kiwango hichohicho: nani anamiliki nini, na muungano utagharimiwa na nani.

Historia ya eneo hili inaipa hoja hiyo nguvu. Tarehe 5 Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza jijini Nairobi nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki. Shirikisho halikuundwa. Jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na miongoni mwa sababu ulikuwamo mgao usio sawa wa manufaa baina ya nchi wanachama. Mkataba mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999, na suala la nani ananufaika halikuzikwa na mkataba huo. Hapakuwa na upungufu wa matamko ya upendo katika miaka yote hiyo. Kijana wa "Malaika" naye hakupungukiwa na matamko hayo. Alipungukiwa na kitu kingine, akakitaja kwa jina lake, na uhakiki unaomheshimu hauna budi kukitaja pia.