Zebaki: Metali ya Majimaji na Mvuke Usioonekana

Zebaki ni metali nyeupe kama fedha. Ndiyo metali pekee inayobaki majimaji katika baridi ya alfajiri ya Kisii na Nyamira, na katika jua la Mombasa pia. Jina lake tumelipata kwa Waarabu, wanaoiita zi'baq. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo 1. Lita moja ya zebaki hufika kilo 13 na nusu.

Kuganda

Zebaki huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri. Baridi hiyo haipatikani kwetu, hata kileleni Kilimanjaro. Mwezi Desemba 1759, mjini St Petersburg, Urusi, Joseph Adam Braun aliigandisha kwa theluji iliyochanganywa na asidi. Ilipokuwa ngumu ilifulika kwa nyundo kama metali nyingine.

Kugeuka mvuke

Huchemka kwenye nyuzi 357. Lakini haingoji kuchemka ndipo itoe mvuke. Kanga iliyoanikwa hukauka bila maji yake kuchemka, na zebaki nayo huvukiza polepole katika joto la chumba. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Zebaki ya majimaji ikimezwa, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Mvuke ukivutwa, kama asilimia 80 hubaki mwilini. Hudhuru ubongo na figo, huleta kutetemeka mikono na kupoteza kumbukumbu, na humfikia mtoto aliye tumboni.

Dhahabu na mto Gucha

Mabadiliko hayo ndiyo wanayoyategemea wachimbaji wadogo wa dhahabu katika kaunti jirani: Macalder huko Migori, na Lolgorian upande wa Transmara. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu zilizomo mchangani. Donge linalopatikana huchomwa; zebaki huruka, dhahabu hubaki, kwa kuwa yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064.

Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita Kisii, ukashuka Migori na kuingia Ziwa Victoria. Mtu wa Kisii aweza kusema: mimi niko juu ya mto, uchafu wa migodi hautanifikia. Kwa maji, ana haki. Lakini mvuke haufuati mkondo wa mto. Huchukuliwa na upepo, hupoa, na hushuka popote na mvua. Ukifika majini, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki, na samaki wa ziwani hupanda hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Hatusemi samaki wote wana sumu. Tunasema kukaa juu ya mto si kinga.

Kinga ipo. Donge likichomwa ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji, mvuke hurudi kuwa majimaji na zebaki hutumika tena. Mchimbaji hapotezi mali wala pumzi. Mkataba wa Minamata, ambao Kenya iliutia saini Oktoba 2013, unataka kukomeshwa uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Jikoni anapolala mtoto si mahali pake.

Kipimajoto kikivunjika nyumbani

Nasi wa pwani tusidhani jambo hili ni la bara tu. Vipimajoto vya zamani vya kioo vina zebaki. Kikivunjika:

- Watoe watoto, fungua madirisha.
- Vua pete na bangili za dhahabu, kwani zebaki huzishika na kuziharibu.
- Usifagie, ufagio huvunja vitone na kuzidisha mvuke.
- Kusanya vitone kwa karatasi ngumu, tia katika chupa yenye kifuniko, uipeleke kituo cha afya waelekeze pa kuitupa.
- Usimwage chooni wala kwenye sinki, na usitupe motoni.