Sanyu

Kwa Kiganda, essanyu ni furaha. Monica Arac de Nyeko, katika hadithi fupi “Jambula Tree” iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, amempa jina hilo msichana aliyepelekwa London baada ya kufumaniwa akiwa na mwenzake Anyango chini ya mzambarau, huko Nakawa, Kampala. Anyango ndiye msimulizi, naye anamsemesha Sanyu asiye mbele yake. Msomaji ajuaye Kiganda basi anasikia mtu akiiita furaha isiyoitika. Neno “huzuni”, ambalo waandishi wetu chipukizi hulimwaga kama chumvi, la nini tena? Na jina hili, kama zambarau za mti ule (nani hakuzila utotoni?), huacha doa ulimini. Ewe mfasiri, ukiileta hadithi hii kwa Kiswahili, usimwite Furaha. Mwache Sanyu.